Agatha Mchopa, Aliyelikana Jedwali Lake

Baba Padri, wazee wetu wa Mandawa, ndugu mliotoka Mkotokuyana na Nachingwea mjini, naitwa Evarist, kaka wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu.

Agatha Felisian Mchopa alizaliwa tarehe 3 Juni 1979 kijijini Mkotokuyana, wilayani Nachingwea, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Felisian na Mama Rozalia, yule mnayemwona pale mkekani. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1987 hadi 1993, akaendelea na sekondari ya masista, na mwaka 2001 akajiunga na chuo kikuu Dar es Salaam kusomea habari na filamu. Tangu utoto alikuwa mtu wa wasiwasi, akitumwa dukani hurudi kutoka njiani kuuliza tena alichotumwa.

Mwaka 2007, akifanya utafiti wa shahada ya pili kuhusu vibanda vya video vijijini, alifika hapa Mandawa kwenye kibanda cha Paschal Mayunga, ambaye ukoo wake ulikuwa umehamia karibuni na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, akamhoji siku nne mfululizo, na siku ya tano Paschal akamwambia kwamba sasa ni zamu yake kuuliza. Walifunga ndoa tarehe 22 Novemba 2008 kanisani Nachingwea, wakajaliwa watoto wawili, Minza mwaka 2010 na Lubasha mwaka 2013.

Kuanzia 2008 alifundisha katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, na mwaka 2011 akakabidhiwa kazi ambayo wengi wetu hatukuielewa, tukawa tunamuuliza ni lini tutamwona kwenye runinga, kumbe yeye hakuigiza wala hakutangaza, alifuatilia kila mwaka watafiti wa filamu na habari wanachunguza nini, kipi kinapanda na kipi kinaachwa, akiweka yote katika jedwali ambalo vyuo vililitegemea kuamua wanafunzi waandike nini.

Jedwali la 2018 lilionyesha kwamba tangu 2010 karibu hakuna aliyechunguza watazamaji wa vijijini, kwamba watafiti wote wamehamia kwenye simu na mitandao. Januari 2019 akaja ofisini binti wa Nachingwea, Beatrisi, mwanafunzi ambaye mada yake ya vibanda vya video ilikuwa imekataliwa, akasema, "Mwalimu, wamenionyesha jedwali lako, wanasema huko kumekufa." Agatha alitaka kumfariji, akajikuta hana hakika, kwa kuwa alikuwa amehesabu kazi zilizopo mtandaoni tu. Akaanza kuzunguka maktaba na stoo za vyuo, na kufikia Aprili alikuwa amekuta tasnifu arobaini na moja za karatasi, zimefungwa kamba, nyingi za wanafunzi wa huku kusini, ambazo hakuwa amehesabu hata moja.

Majuma yale chakula kilimshinda. Alimwambia mumewe kwamba akinyamaza hakuna atakayejua, na akisema atapoteza kazi na watoto bado wadogo, naye Paschal akamjibu, "Mama Minza, ng'ombe asiyeonekana zizini usiseme amekufa kabla hujafika malishoni. Wewe umefika, umewaona. Kaseme." Tarehe 6 Mei 2019 alipeleka chuoni barua ya kulikana jedwali lake mwenyewe, akakaa wiki saba bila jibu, simu ikiita anashtuka. Jibu lilipokuja alikuwa ameondolewa katika kazi ile, na mkataba wake ulipokwisha mwaka 2020 haukuongezwa, lakini Beatrisi aliruhusiwa mada yake, ndiye huyo aliyekaa na watoto.

Agatha akarudi Mandawa, akaanza upya orodha ya tasnifu za watazamaji wa vijijini, akiwaandikia walimu na wahitimu mmoja mmoja na kwenda Ruangwa kupokea bahasha zao zikishuka na basi. Agosti 2022 ikabainika kwamba figo zake zimeshindwa, akaanza kusafishwa damu Mtwara, akisafiri na tasnifu mapajani, na juu ya hofu ya kukosea ikaongezeka hofu ya kutomaliza. Orodha ilikamilika tarehe 20 Februari 2025, kazi mia tatu na kumi na mbili, na kumi na tisa kati yake aliziandikia pembeni, "Sijaiona kwa macho." Imeshapelekwa vyuoni, na kama itapokelewa hatujui.

Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa tisa alasiri, akiwa kitandani nyumbani, alimwomba Beatrisi amsomee majina yote ya orodha, na yalipoisha akauliza, "Nimemwacha nani?" Beatrisi akasema hakuna. "Huwezi kujua," Agatha akamjibu, akafumba macho, na ndivyo alivyotutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Ruangwa na Mtwara, Baba Padri na jumuiya, majirani mliopika na kuchota maji, wafugaji wenzake Paschal, na wale walimu wenzake marehemu waliosafiri siku nzima kufika hapa. Nimeipitia karatasi hii mara tatu tangu asubuhi, na bado naogopa kuna mtu nimemwacha, basi huyo anyooshe mkono nimtaje mbele ya wote.

Agatha, mdogo wangu, amani uliyoikosa ukiwa kazini, Mungu akupe sasa.