Dada Aliyezipima Nyumba Zetu

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu mkubwa, fundi cherehani, ambaye wengi mlimwita Mama Mbona, kwa kuwa hakuwahi kupewa jibu asilizalie swali jingine.

Alizaliwa tarehe 3 Juni 1956, kifungua mimba wa baba mponda kokoto na mama mkulima, akasoma shule ya msingi ya hapa mlimani hadi mwaka 1970, akajifunza ushonaji, na mwaka 1975 akaolewa na mwashi, wakajaliwa mabinti wawili. Shemeji alimjengea nyumba ya mawe, akachonga mwamba ili mkewe apate chumba cha chini cha kushonea, na humo ndimo walimoshinda pamoja, cherehani ikilia, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi.

Mwaka 2009 shemeji alifariki kwa saratani ya mapafu, mtu ambaye hata moshi wa kuni aliukimbia, na dada hakuridhika na kauli ya kazi ya Mungu haina makosa. Miaka mitano baadaye alikuja mtaalamu wa afya, akatueleza habari za radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotoka kwenye miamba na kupenya nyufa za sakafu, na anayeivuta kwa miaka mingi huweza kuugua mapafu. Watu walicheka, wakasema kumbe mlima nao unapumua, lakini dada aliuliza gesi hiyo inapenda chumba gani, akaondoka na vifaa viwili vya kupimia, vidogo kama kopo la dawa ya viatu.

Majibu yalipotoka, chumbani kwake alikolala hapakuwa na neno, ila chumba cha kushonea kilizidi kiwango salama mara tano. Alimuuliza mtaalamu kama chumba hicho ndicho kilichomuua mumewe, akajibiwa kwamba hakuna awezaye kuapa. Alilia siku hiyo, kisha akamwita fundi bomba, wakaziba nyufa, wakapitisha bomba chini ya sakafu na feni ya kuvuta hewa hadi juu ya paa, akapima tena, gesi ikawa imeshuka.

Tangu hapo kila aliyekwenda kupimwa kiuno aliulizwa watoto wake wanalala wapi. Jirani yake, mwenye nyumba za kupangisha, alimfuata akiwa amefura, akamwambia anawaharibia jina na wapangaji watahama.

Dada akamjibu, "Kupima si kukata, jirani."

Jirani alikubali shingo upande, na nyumba yake, iliyo ukuta kwa ukuta na ya dada, ikakutwa safi. Dada alifurahi kuliko mwenyewe, akataka kujua mbona mwamba mmoja uwe na mambo mawili. Kati ya nyumba za wapangaji, mbili zilikuwa na gesi, na jirani alizitengeneza.

Mwaka jana moyo wa dada ulianza kudhoofika, akamuuliza daktari kama ni radoni, akaambiwa hapana, akaonekana kusikitika kidogo. Alifariki tarehe 14 Machi, alfajiri, mabinti zake wakiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari waliovumilia maswali yake, mafundi wenzake, na majirani, hasa huyo wa ukuta kwa ukuta, aliyempeleka hospitali kila wiki. Vifaa vya mwisho alivyoagiza vilifika juzi, viko mezani sebuleni. Anayevihitaji aje achukue, asione haya.

Pumzika kwa amani, dada, sisi tutaendelea kupima.