Jicho la Mama Hélène na Bima ya Redioni

Nje ya duka la Seif, pale Mayfair, mtaa wetu wa wahamiaji, kuna benchi letu. Kila Jumamosi asubuhi Seif, Mtanzania tunayemwita Waziri, hutuletea kahawa ya tangawizi. Agosti ile ya 2019 redio haikuwa na habari nyingine: serikali ya hapa ugenini inataka kuleta bima ya afya ya taifa. Mama Hélène, mshonaji kutoka Bukavu, alikuwa na miaka sitini na minne, na jicho lake la kulia lilikuwa limefunikwa na ukungu mweupe. Akatuuliza kama bima hiyo itafika hata kwa wazee wakimbizi. Hapo akachokoza nyuki.

— Mbona imeshaanza! — alisema Seif. — Ila lazima uwe ulipiga kura.

— Bongo, uongo mtupu! — alidakia Théodore, fundi viatu Mkongo, jina la kijiweni Profesa. — Ni mtego. Banaandika jina yako, kiisha banakupandisha ndege ya kurudi kwenu. Wahenga balisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenye kupona ni mwenyeji!

Na mimi, bila haya, nikatia langu:

— Nasikia kila mzee atapewa daktari wake, anakuja na helikopta.

— Eish! — alishangaa Seif.

Mama Hélène hakucheka.

— Basi niache tu. Jicho moja litanitosha.

Jelimo, Mkenya wa kule Midrand, alikuwa amefuata gauni lake kwa Mama Hélène. Alitusikiliza akiwa amesimama.

— Samahani kuwaingilia. Nani kati yenu ameenda kliniki kuuliza?

Seif akakoroga kahawa isiyo na sukari.

— Mama, — Jelimo alimgeukia Mama Hélène, — Jumatatu nitaomba ruhusa kazini. Beba karatasi zako za ukimbizi, twende.

Wakaenda. Nesi akawaeleza polepole: bima ile bado ni muswada, uko bungeni. Lakini kliniki ni bure. Hospitali ya serikali, mkimbizi mwenye karatasi anapokewa kama raia na kulipa kwa kadiri ya kipato. Akipata pensheni ya wazee, halipi. Akamwandikia barua ya hospitali.

Novemba akapasuliwa jicho. Bandeji ilipotoka, alikuja kijiweni, akatukagua mmoja mmoja.

— Profesa, kumbe uko na mvi hivi!

Tukaangua kicheko. Théodore alisubiri Seif aingie dukani, kisha akainama.

— Maman, kule kliniki, foleni inaanza saa ngapi?

— Saa kumi na moja alfajiri. Nitakupitia.