Shujaa Aliyeanza Kuchelewa

Wasikilizaji wapendwa, acheni kwanza hivyo vyombo mnavyoosha, mkae. Leo tunamlilia Babu Wino, mchoraji wa katuni gazetini. Miaka thelathini na moja alimchora shujaa mmoja tu, Radi, mwenye joho jekundu. Thelathini na moja, jamani!

Mwanzoni Radi hakuchelewa hata siku moja. Nyumba ikiwaka, yupo. Daraja likikatika, huyo hapo. Kisha mke wa Babu Wino akaugua figo, na maji yakazidi unga. Binti yao wa pekee, wa miaka tisa, akamsimamia baba mezani. "Baba, mchore Radi anamponya mama. Leo leo!" Akamchora. Mtoto akaibandika picha juu ya kitanda cha mgonjwa. Siku ya nne mama akafariki.

Binti akaichana vipande vipande. "Mwongo wewe! Na Radi wako mwongo!" Babu Wino hakumkemea. Aliinama, akaviokota vipande.

Tangu juma lile, wasikilizaji, Radi akaanza kuchelewa. Anakuta nyumba imeshakuwa majivu. Anavua joho, anamfunika aliyefiwa, anaketi naye. Basi. Wasomaji wakaja juu: "Shujaa gani huyu, anashindana na kobe?" Mhariri naye akafoka. Babu Wino akamjibu, "Bwana mkubwa, nguvu zina mwisho. Shujaa akishindwa kuokoa, bado ana kazi. Asiondoke."

Binti hakuzisoma katuni zile. Alikua, akahamia mbali, simu kwa baba mara moja kwa mwaka. Jumanne iliyopita muuguzi wa hospitalini akampigia: "Njoo, mzee anakutaja." Akapanda basi la kwanza. Muda wa saa kumi na moja njiani. Akakuta baba ameshafunikwa shuka.

Jana alituambia, huku akilia: "Nilitaka kugeuka nikimbie. Nikaona picha juu ya kabati la kando ya kitanda chake. Ile ile niliyoichana. Baba aliigandisha kwa gundi, kipande kwa kipande. Nikavuta kiti, nikamshika mkono."

Alikaa naye mpaka watu wa mochwari walipokuja kumchukua.

Pole, dada yetu. Poleni ndugu na majirani. Nasi tuliozoea kushangilia anayewahi, tujiulize: nani tunamkwepa kwa aibu ya kuchelewa? Twendeni hivyo hivyo, hata kama hatuna la kusema. Tukifika, tuvute kiti.