Bi Edah Jeruto na Kalvati la Mkandani

Bi Edah Jeruto alianza kazi ya kutathmini mazingira hapa Lamu mwaka 1993. Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na miwili, anastaafu.

Alitoka Nandi akiwa hajui kuogelea. Hadi leo hajui, lakini hakuna mto wa jimbo hili ambao hajauingia na gambuti zake. Mikutanoni husimama dirishani. Katika boti ya Mokowe husimama vilevile, na manahodha wamechoka kumwomba aketi. Chai yake ofisini hupoa, mwenyewe kashaondoka.

Kazi zake ni nyingi, ila nitasimulia moja, kwa kuwa ndiyo ambayo mwenyewe haachi kuitaja.

Mwaka 2019 mvua ya masika ilibomoa kalvati, yaani mabomba ya kupitishia maji chini ya barabara inayovuka Mto Mkandani, mto wa maji ya chumvi uliohifadhiwa kwa sababu ya mikoko yake. Kabla ya matengenezo, Bi Edah alitumwa kutathmini athari. Alikwenda mara moja tu, siku ya maji mafu, bahari ikiwa haina nguvu. Akaandika kwamba athari zitakuwa ndogo. Akatia sahihi.

Mkandarasi aliweka mabomba juu kuliko sakafu ya mto. Gari zikapita na watu wakashukuru.

Miezi minane baadaye, Bi Ummu, mama mtu mzima anayeishi kwa kuvua kaa pale Mkandani, alifika ofisini na tawi la mkoko lililokauka. Akaliweka juu ya meza ya Bi Edah.

“Mwanangu,” alisema, “mai yaingia, lakini ndia ya kutoka hayana.”

Waliondoka pamoja siku hiyohiyo, nami, mwenzake wa ofisini, nikafuatana nao. Ilikuwa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida. Bi Edah alisimama matopeni kwa saa sita, akatazama maji yakimaliza kujaa, kisha yakipwa. Yaliposhuka hadi usawa wa mabomba yakakwama nyuma ya barabara, mizizi ikiwa imezama. Kesho yake aliandika barua ya kuifuta ripoti yake mwenyewe, akaomba kalvati livunjwe lijengwe upya.

Mkubwa wetu wa wakati huo alimshauri anyamaze. Kijiji nacho kilikasirika, kwani barabara ingefungwa wiki tatu, na hospitali iko ng’ambo. Barazani alisimama kijana mmoja, Rayyan, ambaye mkewe Razan alikuwa na mimba ya miezi minane.

“Bi Edah, miti ina haki, mke wangu hana?”

“Anayo,” akajibu. “Kosa ni langu, si la mkeo. Barabara haitafungwa mpaka tupate pa kumpitisha.”

Alizunguka ofisi baada ya ofisi mpaka ikapatikana njia ya pembeni ya magunia ya mchanga, na gari la wagonjwa likawekwa ng’ambo. Kila asubuhi alipita mwenyewe juu ya yale magunia kuyajaribu. Wiki ya pili ya kufungwa kwa barabara, Razan alishikwa na uchungu. Akavushwa kwa machela, Rayyan mbele, Bi Edah nyuma, maji yakiwafika vifundoni. Alijifungua salama, mtoto wa kike.

Mabomba mapya matano yalilazwa chini, sawa na sakafu ya mto. Leo miche ya mikoko imefika kifuani, na Bi Ummu amerudi kwenye kaa wake. Hata hivyo, kipande cha juu cha mto kingali vijiti vyeupe vya mikoko iliyokufa. Kila tunapotaja mafanikio ya Mkandani, Bi Edah hutukatiza: “Na kule juu je?” Mwezi uliopita alikwenda tena, akapanda miche mia mbili. Kumi na tisa imeshika.

Bi Edah, umetufundisha kwamba sahihi ya mtu haikauki siku anapoitia. Ahsante kwa hilo, na kwa kutukosesha raha pale tulipostahili kuikosa. Ukaishi miaka mingi yenye afya, na Mungu akujaalie utulivu. Utulivu ukikushinda, Mkandani unakujua, nasi tutakuja kukushikia ndoo ya miche.

Hussam Wazir, kwa niaba ya wenzako wote