Dakika Mbili za Editha

Ndugu waombolezaji, wazee wetu shikamooni, mimi ni Mathias, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia kuwasomea maisha ya dada yetu, nawaomba mnisikilize hadi mwisho, kwa sababu mwisho una kazi kwa kila aliyeketi hapa.

Editha Donati alizaliwa tarehe 14 Agosti 1963 huko Lumuma, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1971 hadi 1977, akaendelea na sekondari mjini Morogoro, akapata cheti cha kilimo mwaka 1985, akaajiriwa kuwa bibi shamba wilayani kwetu Kilosa, akazunguka Ruhembe hadi Vidunda kwa baiskeli ambayo milimani ilibidi aisukume yeye. Tarehe 19 Oktoba 1991 alifunga ndoa na Deogratias, hapa Mikumi, wakajaliwa watoto wawili, Happiness na Nickson.

Desemba 2009 alitutangazia mkutanoni, kama alivyoandikiwa na watu wa hali ya hewa, kwamba mvua zingekuwa juu ya wastani, tukaitikia, tukaenda kulala, maana hakuna aliyejua huo wastani unaishia gotini au dirishani, na mto ulipofurika ulimchukua shemeji yetu Deogratias akiwafungulia mbuzi. Inauma hadi leo.

Tangu hapo dada aliacha kusema wastani, akawa anasema maji yatafika dirisha la nyumba ya jirani yetu Yusrah, kule Bondeni kando ya mto, na kwa kuwa mikutano tunaikwepa lakini msiba hatuukosi, akawa anaomba dakika mbili kila mazishi, wengine wakasema anatuchuria, vijana wakambatiza Mama Dakika Mbili, naye akaitika. Hakusema kila mvua imeletwa na mabadiliko ya tabianchi, alisema mafuriko yalikuwepo tangu enzi za babu, ila moshi wa viwanda na magari unaipasha dunia joto, hewa yenye joto inabeba maji mengi zaidi, na mvua aliyoiona babu mara moja sisi tutaiona tena na tena. Tulipomnyooshea kidole Mzee Shimba, aliyehamia na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa, kwamba ndiye aliyeleta balaa, dada alisimama akauliza, "Miti tumekata wote, joto ni la dunia nzima, ng'ombe wa Shimba mtawasingizia hadi lini?"

Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akatibiwa Morogoro, akafariki tarehe 2 Aprili 2025, huku kaya za Bondeni alizozisihi miaka yote zikiwa bado hazijahama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, maafisa ugani wenzake, na Mzee Shimba, ambaye uwanja wake uko kule juu mlimani.

Sasa dakika mbili zake. Utabiri wa jana unasema mvua kubwa usiku wa leo na kesho, ardhi imeshashiba maji, kwa hiyo matanga hayatakuwa nyumbani kwa marehemu, yatakuwa kwa Shimba, maturubai na masufuria yameshapanda, na ninyi wa Bondeni mliomwambia dada kwamba hamna pa kuhamia, leo hamuhami, mnalala msibani, siku tatu, na watoto, na wagonjwa, na mbuzi wenu pia. Hakuna mtu wa hapa aliyewahi kukataa kulala msibani, na hatutaanza na msiba wa Editha.

Pumzika kwa amani, dada, sisi tunapanda.