Alichokiandika Lamei Tadros Katika Daftari la Ajali

Wapendwa waombolezaji, kwa niaba ya familia ninawasomea maisha ya ndugu yetu Lamei Tadros Habib, yote, bila kupunguza, kama alivyotuagiza mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1951 mjini Mallawi, mtoto wa tatu wa fundi cherehani Tadros Habib, akasoma hapohapo hadi sekondari, akahitimu ufundi wa mitambo Asyut mwaka 1974, na tarehe 1 Septemba 1976 akaajiriwa katika kiwanda cha mbolea huku Suez. Mwaka 1980 alifunga ndoa na Inaam Fahim, wakajaliwa Nermin na Sameh.

Mwaka 1983 alihamishiwa kitengo cha usalama, akakabidhiwa daftari la ajali, na kazi yake ikawa kupanga kila tukio mahali pake, kifo, jeraha au koswakoswa, yaani ajali iliyomkosa mtu chupuchupu, na kulichunguza mpaka apate chanzo. Aliwaambia mafundi kwamba koswakoswa ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa hakuna anayeililia.

Jumanne tarehe 4 Oktoba 1994 winchi iliachia, pampu ya tani moja ikaanguka hatua mbili kutoka kwa fundi Gouda Abdelmoati, ambaye alijipangusa vumbi akacheka, akamwambia Lamei, "Leo Izraili kasahau miwani, mhandisi!" Lamei alitaka winchi ifungwe ichunguzwe, lakini mkuu wa karakana akamwambia, "Kwani kaumia nani? Andika hitilafu ndogo bwana, tuna kazi hapa," naye, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, akaandika asichokiamini. Alhamisi tarehe 27 mwezi huohuo winchi ileile iliachia tena, na Gouda akafa palepale.

Wakubwa walitaka iandikwe uzembe wa aliyekufa. Lamei alikataa, akaandika kwamba breki ilikuwa imelika, kwamba onyo lilikuwa limeshaonekana siku ishirini na tatu kabla, na kwamba aliyelipuuza onyo hilo ni yeye mwenyewe, Lamei, akatia sahihi, kisha akaenda kwa mjane, Bi. Rawhiya, akamweleza yote akiwa amesimama mlangoni. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya, umesema. Sasa nenda zako." Kiwandani walimpeleka ghala la vipuri, akakaa huko hadi kustaafu mwaka 2011, na mkewe anasema kwamba tangu ajali ile hakuwahi kuketi chini ya kitu kinachoning'inia, hata taa ya sebuleni.

Mwaka 2016 figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, hadi Jumapili tarehe 12 Mei 2019, saa nne asubuhi, alipofariki akiwa na miaka sitini na minane.

Mchana huo Nermin alimpigia simu Bi. Rawhiya kumwomba ruhusa ya kumtaja mumewe hapa, naye akajibu, "Kuja siji, binti yangu. Lakini jina lake mlitaje lote." Basi tunalitaja: Gouda Abdelmoati Hasanein, miaka thelathini na minne, ambaye hakuwa na kosa lolote. Kama Lamei amesamehewa hatujui, na hatukuthubutu kuuliza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa figo, majirani waliotupikia siku zote hizi, na wenzake wa kiwandani mliokuja na sare zenu za kazi.

Lamei, mwana wa Tadros, umesomwa kama ulivyotaka. Sasa pumzika kwa amani.