Dirisha la Chumbani kwa Murdo

Baada ya miaka thelathini na minane ya kupandisha na kushusha madirisha ya Edinburgh, fundi wetu Murdo Gillespie anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Juni. Wateja watalia. Wapaka rangi watashusha pumzi.

Murdo aliingia karakana yetu hapa Leith kupanga mbao tu, akanaswa na madirisha ya kupandisha: fremu mbili zinazopishana, moja juu na moja chini, zikisaidiwa na kamba, kapi na vyuma vizito vilivyofichwa ubavuni ili fremu isianguke. Historia ya madirisha hayo tumelishwa kila saa ya chai. Zamani vioo vilikuwa vidogo na vijiti vyake vinene. Vijiti vikakonda, vioo vikakua, mpaka fremu zikaota pembe, vijincha vya mbao kwenye kona, ili zihimili uzito. Ukimwuliza adui wa dirisha ni nani, hataji mvua. "Ni mwenye nyumba na kopo lake la rangi!" Na kweli, kila kizazi hapa kinapaka juu ya rangi ya jana, dirisha likigandana tunalaumu hali ya hewa.

Lakini mganga hajigangi. Dirisha la chumbani kwake mwenyewe limekufa miaka mingi, linashikiliwa wazi na mwiko wa uji. Mwezi uliopita mkewe, Una, alikuja karakana akatangaza mbele yetu sote: "Murdo, siku unayostaafu, kama mwiko wangu haujarudi jikoni, naita watu wa madirisha ya plastiki. Haki ya Mungu!"

Plastiki! Nyumbani kwa Murdo! Aibu hiyo ingekuwa ya karakana nzima. Basi jana tukamtuma Glasgow kutazama mbao ambazo hazipo, sisi tukavamia kwake, Una akitufungulia mlango. Tukafungua ubavu wa dirisha. Salaale! Kamba zipo, vyuma hakuna hata kimoja.

Ndipo msimamizi wetu, Catriona, akajipiga paji la uso. Kuna mwaka vyuma viliadimika, na mteja wetu, mwalimu Elspeth Orr, alikuwa mgonjwa kitandani. Alichotaka ni dirisha lake lifunguke tu, awasikie watoto wa shule yake ng'ambo ya barabara. Kesho yake Murdo alitokea na vyuma ndani ya gunia. Tulipomwuliza kavitoa wapi, akafoka, "Maswali yenu hayaishi! Nimeviokota." Mwalimu aliwasikia watoto wake mpaka mwisho.

Una akacheka huku anajifuta machozi. "Mjinga huyu! Angesema, ningempa na vya dirisha la jikoni."

Tumetia vyuma vingine, na Una amelipandisha dirisha kwa kidole kimoja.

Murdo ndugu yetu, haya ndiyo kwanza unayasoma. Asante kwa madirisha yote ya mji huu, na hasa kwa lile la mwalimu. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na hewa safi. Una aliurudisha mwiko pale pale ili usitushtukie jana usiku. Leo ukifika nyumbani, uchomoe umpelekee jikoni. Dirisha halitaanguka.